Ndimu na Mafuta ya Taa

Jumapili, South Beach

Sikutakiwa kuitika. Nilifundishwa tangu mdogo: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, nyamaza.

Mgongo ndio ulionifanya nikubali kuvuta. Wiki nzima nimesimama saluni nasuka. Leo baada ya kanisa Mama Gloire, Mkongomani ninayekaa naye flati, akanipa bangi yake. "Hii iko ya mchanganyiko," akasema. "Nusu inalaza mwili, nusu inaamsha kichwa." Kweli. Miguu ikawa mizito kama nguo iliyoloa, mgongo ukaniachia, lakini kichwa kikakaa macho, kinasikia hadi lifti ikishuka.

Ladha ndiyo iliyoniponza. Ndimu kwanza, halafu nyuma yake mafuta ya taa. Ndivyo ilivyonukia mikono ya pacha wangu Kulwa: alikuwa akishajaza jiko mafuta, anajisugua ndimu. Ana miaka sita kaburini, na sikwenda kumzika kwa sababu ya makaratasi ya ukaazi.

"Doto," nikasikia kutoka jikoni.

"Abee," nikasema. Neno hilo tu.

Hapa Durban hakuna anayejua kwamba mimi ni Doto, pacha wa pili. Wote wananiita Rehema, jina la kwenye pasi. Nikajiambia ni bangi, itapita.

Mama Gloire leo hakuvuta kabisa, alikuwa anakunja nguo. Akainua kichwa, akautazama mlango wa jikoni.

"Huyo Doto njo nani?" akaniuliza.