Moyo wa Baba Umekuwa Mkubwa

Kihanga, Karagwe
14 Machi 1989

Kaka Cassian,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, huko Mwanza. Sisi tupo, maharage yameota vizuri, ila Baba hajambo kidogo tu, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Tangu Noeli alikuwa akipanda kutoka kisimani anasimama mara tatu. Tukadhani ni uzee. Mwezi wa pili miguu ikavimba hadi viatu vikamkataa, na akawa hawezi kulala chali, analala ameegemea ukuta. Jirani yetu Projest akampakia kwenye baiskeli, nami nikafuata kwa miguu hadi hospitali ya Nyakahanga.

Walimpiga picha ya kifua. Daktari akaiinua dirishani, akamwambia moyo wake umekuwa mkubwa kupita kawaida. Kaka, Baba alifurahi. Aliwasimulia wagonjwa wote wodini kwamba amekutwa na moyo unaowashinda wanaume wengine, na mwenye moyo wa namna hiyo hafi upesi.

Mimi daktari aliniita pembeni. Alisema presha ikikaa juu miaka mingi, moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu, na misuli yake hunenepa kama mkono wa mpasua kuni. Tumbaku ya kiko chake na chumvi nyingi navyo vimechangia. Baadaye moyo hutanuka na kuchoka. Nikauliza kama utarudi ulivyokuwa. Akasema labda, kama angeanza dawa mapema. Sasa atampa za kupunguza maji ili apumue, basi. Halafu akaniuliza kama Baba aliwahi kupimwa presha. Nikajibu hapana.

Nilisema uongo, kaka, na wewe nilikudanganya pia. Unakumbuka mwaka 1983 alipojikata panga mguuni? Muuguzi aliyemsafisha kidonda alimpima, akakuta presha iko juu sana, akampa vidonge vya kumeza kila siku, maisha yote. Mimi ndiye niliyekuwa nikivifuata kila mwezi. Vilimfanya akojoe mara kwa mara, akaona aibu kutoka kanisani katikati ya mahubiri. Na kwa kuwa hakusikia maumivu popote, akaniomba nisimpe tena. Nikamwonea huruma. Niliendelea kuvichukua na kuvitupa chooni, na kila ulipouliza nilikuandikia kwamba anameza bila kukosa.

Sasa Baba yuko nyumbani, na dawa anazitaka mwenyewe. Anauliza mara nne kwa siku kama saa ya dawa imefika. Jumapili nilimwambia nitakueleza yote. Akasema, "Mwandikie kwamba dawa zilikuwa hazipatikani. Usijibebeshe hilo, mwanangu."

Sikuweza.

Ukipata ruhusa kazini njoo, usisubiri telegramu. Nawe kapimwe presha. Unavuta kama yeye, na huenda presha yake ilianza kupanda akiwa na umri wako.

Mama anakusalimu sana. Hajaambiwa lolote alilosema daktari. Jana alishusha mikeka ya kuanikia kahawa darini akaanza kuishona ilipochanika, akisema Baba atakuwa na nafuu ifikapo mavuno ya mwezi wa sita. Nilikaa nikamsaidia kushona.

Wabusu watoto kwa niaba yetu.

Ni mimi mdogo wako,
Laurensia Rwegoshora