Mwiko Niliomsingizia Nyanya

Karungu,
Jumapili jioni

Kwa dada yangu mpendwa Emmaculate,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mguu wa Nyanya Robi umepata nafuu. Sisi hapa kwa shangazi Orpah tuko salama. Mvua imechelewa lakini sukumawiki bado zipo. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ni ya shangazi, naye hupenda tuongee yeye akisikiliza. Dada, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: nimemsingizia Nyanya uongo mbele ya akina mama wa kanisa. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Unajua tangu nimalize Form Four kazi yangu hapa ni sungura. Kuna jike mmoja mweusi aliyezaa mara mbili, na mara zote mbili akawakanyaga watoto wake wakafa. Shangazi alisema ana roho mbaya, na akirudia ataingia sufuria. Mimi nampenda huyo jike. Ndiye pekee anayekuja kunusa vidole vyangu nikifungua mlango.

Alipokaribia kuzaa tena nikawa nakaa kando ya kizimba nikimwangalia. Tukiwa wawili alinyoosha miguu nyuma, pua ikicheza taratibu. Wageni wakija, alipiga mbao kwa mguu wa nyuma, kisha akajibana pembeni, masikio yamelala mgongoni, macho yametoka mpaka weupe unaonekana, hata pua ikasimama. Wageni walisema ana adabu, ametulia. Hakuwa ametulia, dada. Alikuwa na hofu mpaka hawezi kusogea.

Na wageni hawakosekani hapa, maana kwa shangazi mtoto akizaliwa hafichwi. Yeyote aliyepita, hata aliyekuja kuomba chumvi, alipelekwa kizimbani, shangazi akafunua manyoya yanayofunika vitoto na kuviinua ili vitazamwe. Nilijaribu kumweleza kwamba hilo ndilo linalomtisha jike hadi anavikanyaga vitoto. Akacheka, akaniuliza kama shuleni walitufundisha pia kufukuza wageni. Unanijua, nikaenda kumkatia jike majani.

Alizaa Alhamisi, wiki mbili zilizopita. Jumamosi yake wakaja akina mama wa maombi, na baada ya chai shangazi akainuka ili akawaonyeshe. Nikasikia jike anaanza kupiga mbao. Sijui sauti yangu ilitoka wapi. Nikasema kwamba kwa Nyanya Robi, mama yake mama, kule Kehancha kwa Wakuria, ni mwiko: mwanamke aliyeolewa akiona vitoto vya sungura kabla havijafungua macho, ugali wake hauivi tena katikati. Mama Elvis akasema basi yeye lazima aliwahi kuviona, maana mume wake hulalamika kila siku. Walicheka mpaka chai ikamwagika, lakini hakuna aliyenyanyuka. Shangazi naye akaketi polepole, kwa sababu wiki ile ugali ulikuwa umemwaibisha mbele ya pasta. Akasema Wakuria wana mambo yao, na si vizuri kuyajaribu.

Tangu siku hiyo anayekaribia kizimba ni mimi tu, kwa kuwa sijaolewa. Vitoto vimefungua macho, vyote vizima, na habari ya sufuria haitajwi tena. Juzi nilimsikia shangazi akimwonya jirani kuhusu mwiko huo kama mtu aliyekua nao.

Sasa sikia balaa. Mwezi ujao shangazi anakuja huko kumletea Nyanya dume la sungura kwa shukrani, na kumuuliza kama anajua miiko mingine, hasa ya kuku. Nyanya hajui Kiswahili wala Kijaluo, na shangazi hajui Kikuria. Atakayekaa katikati yao ni wewe. Nyanya atashangaa, na wewe tafsiri mshangao wake unavyoona utafaa. Jike atazaa tena, dada, na ukweli ukitoka wageni watarudi kizimbani.

Wasalimie wote wa nyumbani, na umwambie Nyanya nitakuja kumchotea maji nikipata nafasi. Lakini tafadhali, habari hii iwe yetu sisi wawili. Nyanya mwenyewe asiijue, maana akiijua atacheka mbele ya shangazi, na kicheko hakihitaji mkalimani.

Ni mimi mdogo wako,
Pauline