Kipande Kilichobaki Jinoni

Sfax, Ijumaa

Dada yangu Nahla,

Hili sijamwambia mtu yeyote: ndani ya gego langu mna kipande cha chuma, na aliyekiacha ni mchumba wako.

Siku aliyonitibu, Ghazi alikiinua kwenye taa kile kisindano chembamba cha kusafishia mizizi ya jino. Hata mimi niliona mizunguko yake, iliyosokotwa kama ya skrubu, imeanza kufunguka. Akacheka, "Mzee huyu kachoka, lakini jino la shemeji atalimaliza." Kikakatika ndani. Alijaribu kukitoa, kikakataa, akaziba juu yake.

"Hutokea kwa madaktari wote, Rim. Ila usimwambie Nahla mpaka tufunge ndoa. Utamtia wasiwasi bure."

Nimesoma vitabu, ni kweli hutokea, na huenda kisinidhuru kamwe. Lakini alikiona kimechoka, akakitumia. Nikisema, navunja harusi yako. Nikinyamaza, unaolewa bila kujua. Kila Ijumaa tukila kuskusi ananiuliza, "Jino linasemaje?" nami natafuna upande mmoja, Mama akinitania, "Tafuna vizuri, we mbuzi!"

Hata sasa yuko sebuleni, namsikia akikusifu kwa Baba na Mama.

Niliweka kalamu hapo, Dada. Nilikwenda sebuleni, nikasema mbele ya Baba na Mama, "Ghazi, kipande cha sindano yako bado kimo jinoni mwangu."

Baba akamwuliza, "Kweli, mwanangu?"

Akainama. Nikarudi chumbani, nikafunga mlango, nikamalizia barua hii; la harusi sasa ni lako kuamua.

Mdogo wako akupendaye,
Rim