Nusu Jumlisha Theluthi

Jumapili jioni, mwezi wa sita. Kijijini, mbele kidogo ya Kigwa.

Leo jua lilikuwa kali lakini upepo wa baridi, ule wa kiangazi cha huku unaopasua midomo. Nimejifungia ndani kwa dada yangu aliyeolewa huku, tangu saa tisa, sitaki kuonana na mtu. Wanaonijua watashangaa. Mimi ni mtu wa baraza.

Mnaosoma ukurasa huu mmeniona nimeshika chaki. Niliwaringishia picha. Nikaandika kwamba nimeendesha lori mpaka Lubumbashi, nimekula Kigali, nimelala Lusaka, na sasa ujuzi wote huo nawamwagia watoto wa Unyamwezi bure. Bure ni kweli, silipwi hata soda. Lori langu liko gereji Tabora mjini, na shule ya hapa ilikuwa inatafuta mtu wa kushika hesabu kwenye kambi ya darasa la saba likizo hii, maana mwalimu wao amekwenda kujifungua. Mwalimu Mkuu akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia kidato cha nne.

Niliishia cha pili.

Jumatano niliandika ubaoni nusu jumlisha theluthi. Nikajumlisha za juu kwa juu, za chini kwa chini, nikapata mbili juu, tano chini. Nikalipigia jibu mistari miwili kama mtu aliyesomea. Nyamizi akanyoosha kidole. Ni binti mpole wa dawati la mbele, ndiye anayetegemewa na shule nzima kwenye mtihani wa Septemba.

"Samahani mwalimu," akasema. "Mbona nusu peke yake ni kubwa kuliko hilo jibu?"

Nilijua yuko sahihi kabla hajamaliza.

Sasa mimi ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mimi na watu wazima wa hapa tunachambana mpaka misibani. Wao husema sisi tunazaliwa tukicheza ngoma. Basi nikakimbilia huko. Nikamwambia, "Nyie babu zenu walibeba meno ya tembo kichwani toka huku mpaka Bagamoyo, mzigo ukabonyeza akili. Hesabu utaijulia wapi?"

Darasa lilicheka mpaka madawati yakalia. Nami nikacheka. Nyamizi akakaa.

Mapumziko nikasikia wenzake wanamwita Kichwa Mzigo. Sikuwakataza. Alhamisi hakuja, Ijumaa hakuja. Jana ndiyo nikafungua kitabu cha mwalimu kwa mara ya kwanza. Jibu ni tano juu, sita chini.

Leo baada ya ibada nikaenda kwao. Mama yake alikuwa anakata viazi vya kukausha michembe, vingine vimeshaanikwa juu ya mwamba. Nyamizi alikuwa anamenya pembeni yake. Akaniamkia shikamoo mwalimu, kwa adabu ileile ya siku zote, akachukua beseni lake akaenda nyuma ya nyumba.

Ile shikamoo bado inaniuma.

Nikaanza na mzaha, ndiyo njia yangu. Nikasema nimekuja kutozwa faini ya utani, mama achague kuku au kanga. Hakucheka.

"Mtani, hayo ungeniambia mimi, ningekujibu hapohapo ukatafuta njia ya kurudi Uzaramoni kwa miguu," alisema, kisu hakijasimama. "Utani ni kujibizana. Huyu amjibu mwalimu vipi? Akijibu si ni fimbo?"

"Nimekosa, mama Nyamizi. Naomba radhi."

"Mimi umenikosea nini? Waliocheka ndio hawajakusikia."

Nikajitetea kwamba nikisema mbele ya darasa, Mwalimu Mkuu atajua sina elimu hiyo, ataniondoa, na watoto watakosa mwalimu. Hapo ndipo akaniangalia.

"Kwani sasa hivi wanaye?"

Nikainama kutazama viazi. Mimi, ninayewanyamazisha makuli wa mpakani Kasumbalesa.

Akaniambia kesho asubuhi Nyamizi atavaa sare, atakuja mpaka mlangoni mwa darasa, atasimama nje. Nikisema ukweli, ataingia. Nisiposema, atarudi kukata viazi, na kambi kwake ndiyo basi.

Nikiri na hili: niliporudi nilikunja nguo zangu kwenye begi. Nikafikiria kudandia gari la mkaa kwenda mjini kabla hakujapambazuka. Nimezikunjua dakika chache zilizopita, na naandika haya upesi kabla sijabadili mawazo, maana nanyi niliwadanganya.

Nimejaribu mbele ya kioo cha dada. Kila nikianza, ulimi unatafuta kichekesho. Kesho usitafute. Useme tu kwamba Nyamizi alisema kweli, kwamba mimi nimeishia kidato cha pili, na kwamba niliwachekesha ili wasigundue.

Halafu ninyamaze, nitazame mlangoni.