Donge la Eustace

Nyasubi, Kahama

Kaka Wilbard,

Shikamoo. Ni matumaini yangu wewe, wifi Anisia na watoto hamjambo, na mvua za huko Ushirombo zimeyaachia mahindi yenu nafasi ya kusimama. Sisi tunapumua, mengine utayasoma.

Ile maikrowevu uliyotupatia ilimtia hofu shemeji yako Eustace. Mwanaume mzima, anayeshuka shimo la dhahabu Mwakitolyo kwa kamba, anakimbilia uani nikibonyeza kitufe! Eti mionzi itamaliza nguvu zake za kiume. Nikamweleza kama ulivyonieleza wewe, kwamba mawimbi yanayatikisa maji yaliyomo ndani ya chakula mpaka yanapata moto, na ukizima hakuna kinachobaki kwenye wali. Eustace, aliyeishia darasa la tano, akanijibu kuwa sijasoma.

Na huyo mwoga wa wali ndiye anayekanda zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, kisha anaichoma kwenye kopo huku akipiga mluzi.

Jumapili moja mwezi uliopita nilikwenda kanisani na mwanetu Limi, mvua ikamzuia Eustace kuchoma nje. Basi msomi wetu akatia donge lake la dhahabu na zebaki kwenye maikrowevu. Kama inachemsha maji, alisema, zebaki nayo si inamwagika kama maji? Tuliporudi, cheche zilikuwa zimeunguza ukuta wa ndani wa mashine, yeye anakohoa, akanitangazia kwa ushindi kwamba sasa nimeiona mionzi kwa macho yangu. Nilimcheka mbele ya mama mwenye nyumba hadi akatoka.

Kaka, hili sijamwambia mtu. Jioni ile aliniomba tuitupe mashine. Nikakataa, maana kuitupa kungekuwa kukiri kwamba mjinga yule amepatia. Niliifuta kwa kitambaa, nikaiwasha, na kwa wiki tatu nimempashia Limi uji humo. Kwamba moshi wa zebaki huganda ukutani na ukipata joto hutoka tena, nilikuwa najua. Nilifundishwa kwenye semina ya wachimbaji, nikaandika kwenye daftari.

Sasa mikono ya Limi inatetemeka, uji unamwagika kabla kijiko hakijafika mdomoni. Eustace analia kwamba ni mionzi. Mimi mwenye elimu nimenyamaza.

Kesho asubuhi tunampeleka hospitali. Daktari akiuliza, nitasema mbele ya Eustace kwamba ni zebaki, na kwamba nilijua. Mtuombee.

Wasalimie wifi na wanangu wote.

Mdogo wako,
Agatha, Mama Limi