La Sivyo, Uko Salama

3 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. U hali gani, na kile kikohozi? Mimi huku mzima, kazi tu ndiyo inanikondesha. Ule ukurasa wa mtandaoni wa majibu ya vipimo umeanza kutumika, mpaka kwenye hospitali yenu. Uliniuliza nafanya nini hasa. Naandika masharti ambayo kompyuta inayafuata: kama jibu la kipimo lina tatizo, ukurasa umwambie mgonjwa arudi kwa daktari, la sivyo, umwambie yuko salama. Basi. Nenda kapime kifua, Baba, usinizungushe.

Binti yako, Kitindamimba

19 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Nimepima. Leo nimefungua simu nikasoma mwenyewe: "Uko salama." Kila mteja aliyeleta nguo nimemwonyesha. "Haya maneno kaandika binti yangu!" Mmoja akauliza, kwani amekuwa daktari? Nikakohoa kidogo, nikaitikia. Kikohozi kipo, ila sasa hakinitishi.

Baba yako

7 Agosti

Baba,

Shikamoo. Simu yako haipatikani tangu jana, barua hii naituma na dereva wa basi. Kuna mgonjwa kalalamika kazini kwetu kuwa ukurasa ulimpa jibu la uongo, nikaenda kutazama na jina lako. Kipimo chako hakijawahi kuwekewa jibu. Sharti langu lilitafuta tatizo tu. Pasipo na jibu lolote, likaangukia kwenye "la sivyo". Hakuna daktari aliyesema uko salama, Baba. Mstari ule ni wangu, si wa mtu mwingine. Nenda leo hii. Hata nguo uliyoishika usiimalizie.

Nisamehe.

Binti yako

2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Nilikwenda. Daktari anasema tungeonana Machi angekuwa na la kufanya. Sasa ni dawa za maumivu tu. Sikufichi, maana nawe hukunificha.

Nilikukasirikia siku mbili nzima, nikagombana na cherehani. Siku ya tatu nikakumbuka kuwa nami nilikohoa miezi mitano huku nikijisikia mwenyewe nikikohoa, nikaamini simu kuliko kifua changu.

Barua zako za kuomba radhi zimefika nne. Usilete ya tano, macho yanachoka kusoma. Njoo wewe. Njoo nikiwa bado naweza kuinuka nikufungulie mlango.

Baba yako