Gogo la Misenga

Lubumbashi, 11 Mei 2002

Dada Mwadi,

Salamu nyingi. Hamjambo wote? Miguu bado inakusumbua? Sisi tupo, kwa neema ya Mungu.

Padri anayekuletea barua hii ameniambia huko Kindu mnalala na mizigo mlangoni. Nisikilize, mimi kaka yako mkubwa. Risasi zikianza, kimbilia msituni na mwanao Fabien. Binti yako Misenga mwache nyumbani, umfungie mlango, Mungu atamlinda. Ana miaka kumi na tano lakini akili ni ya mtoto, na hata ngazi mbili hushuka kwa makalio. Kule kijitoni daraja ni gogo tu. Atawaua nyote.

Yaya wako,
Ngeleka

Kindu, 2 Julai 2002

Yaya Ngeleka,

Pokea salamu zetu. Tu wazima, njaa tu ndiyo inayotuamkia kila asubuhi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nimesimama kwa hasira. Mwanangu si kuku wa kufungiwa.

Nimelaza gogo la mchikichi uani. Wiki ya kwanza Misenga alilipita kwa magoti. Ya pili alisimama, nimemshika kiuno, akihesabu hatua: moja, moja, moja, maana mbili haijui. Sasa gogo liko juu ya matofali nami namshika kidole tu. Akianguka tunacheka, tunaanza tena. Jirani yangu Mwanahamisi alichungulia: "Mama Misenga, mutoto iko natembea pa muti kama mbuzi! Unamutafutia nini?"

"Namutafutia maisha," nikamjibu.

Ulitaka nichague mtoto mmoja. Nimechagua wote wawili.

Mdogo wako,
Mwadi

Kindu, 29 Oktoba 2002

Yaya,

Salamu. Hujanijibu, lakini ujue tu hai na tumesharudi nyumbani.

Tulikimbia Jumanne iliyopita asubuhi. Kijito kilikuwa kimejaa, daraja linateleza, na watu nyuma wanapiga kelele: "Mutoe uyu! Anatufungia njia!" Niligeuka nikawaambia anayetaka kumgusa aanze na mimi. Misenga akaweka mguu. "Moja," akasema. "Moja." Alichukua muda mrefu, yaya, mrefu sana, na hakuna aliyempita. Fabien alimpokea ng'ambo.

Nijibu, hata neno moja.

Dada yako,
Mwadi

Lubumbashi, 6 Februari 2024

Mdogo wangu Mwadi,

Unaendeleaje? Presha je? Mimi moyo umechoka, daktari hafichi.

Sikukujibu kwa sababu niliona aibu, na miaka ilivyopita aibu ikawa mazoea. Nisamehe. Naomba kitu kimoja: ile barua yangu ya Mei, ichome. Sitaki kufa maneno yale yakiwa bado na saini yangu.

Yaya wako,
Ngeleka

Kindu, 25 Februari 2024

Yaya Ngeleka,

Pole kwa moyo. Presha yangu hupanda na kushuka, ndiyo kawaida yake. Barua yako imenitoa machozi na kunitia hasira kwa pamoja.

Sitaichoma. Misenga ana miaka thelathini na saba. Hubeba beseni la samaki kichwani kutoka bandarini hadi sokoni bila kulishika. Blauzi anafunga vifungo mwenyewe, ingawa kimoja hukosea tundu. Hajui uliandika nini. Kila jioni katika sala anakutaja, "na Mujomba Ngeleka," wewe kabla yangu.

Wa kuombwa radhi si mimi. Panda treni, ikikosekana, panda ndege. Kaa mbele yake umwambie kwa mdomo wako kwamba ulitaka afungiwe mlango. Mwambie polepole. Atakuuliza kwa nini, na atauliza tena na tena. Mimi sitakusaidia kujibu.

Dada yako,
Mwadi